Padre Hales na Pumzi ya Miti

Katika kurasa hizi tumezoea kuwasimulia habari za watakatifu, maaskofu na wamisionari. Safari hii twapenda kuwaeleza habari za padre wa mtaa, tena mtaa mdogo, ambaye hakuwa askofu wala hakuvuka bahari kwenda nchi za mbali, na jina lake halimo katika kalenda yetu ya sikukuu. Lakini kila mtoto anayefundishwa shuleni kwamba mti hunywa maji kwa mizizi na kuyatoa kwa majani, na kwamba sehemu ya chakula chake huipata hewani, anafundishwa mambo ambayo padre huyu aliyapima kwa mizani nyumbani kwake, kati ya Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni. Jina lake ni Stephen Hales.

Alizaliwa tarehe 17 Septemba 1677 katika kijiji cha Bekesbourne, karibu na Canterbury, katika jimbo la Kent nchini Uingereza. Babu yake alikuwa mtu wa cheo, lakini Stephen alikuwa mmoja wa watoto wengi, wala si wa kwanza, basi hakuwa na urithi wa kuutumainia. Mwaka 1696 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, akasomea upadre. Huko alipata rafiki mdogo wake kwa umri, William Stukeley, aliyekuwa akisomea udaktari. Wawili hao walikuwa wakizunguka mashambani wakikusanya mimea, wakiongozwa na kitabu cha John Ray kilichoorodhesha mimea ya sehemu ile, na jioni walipasua vyura chumbani ili waone viungo vyao. Zilikuwa siku za Isaac Newton, na vijana wengi wa Cambridge waliamini kwamba ulimwengu unaweza kuhesabiwa.

Mwaka 1709 Hales alipelekwa kuwa padre wa Teddington, kijiji kando ya mto Thames, ambacho siku hizi kimemezwa na jiji la London. Alikaa hapo miaka 51, hata kufa kwake. Twaona vema kusema mapema kwamba hakuwa malaika. Kama mapadre wengi wa siku zile, alishika pia mtaa wa pili, kwanza Porlock na baadaye Farringdon, akimlipa padre msaidizi afanye kazi ya huko, naye akipokea mapato. Leo tungeilaumu desturi hiyo. Katika Teddington alikuwa mkali juu ya mwenendo: wanawake waliokosa aliwatubisha mbele ya watu. Habari tulizozisoma hazitaji wanaume waliokosa pamoja nao.

Mwaka 1720 alimwoa Mary Newce, lakini mama huyo alifariki mwaka uliofuata, wala hawakujaliwa mtoto. Hales hakuoa tena. Nyumba ya padre ikawa nyumba ya mtu mmoja, na mizani, na mirija ya vioo, na vyungu vya maua.

Kisa cha kuanza kupima miti ni damu. Alipokuwa bado kijana katika upadre, Hales alitaka kujua moyo unasukuma damu kwa nguvu kiasi gani, jambo ambalo hapana mtu aliyekuwa amelipima. Alimfunga farasi jike mzee, mgonjwa, akamlaza chali, akafungua mshipa wa paja, akaunganisha mrija mrefu wa kioo uliosimama wima. Damu ilipanda futi 8 na inchi 3 juu ya moyo wa mnyama, ikawa inapanda na kushuka kwa kila pigo. Huo ndio mwanzo wa kupima msukumo wa damu, kipimo kile kile tunachofungiwa mkononi leo tuendapo zahanati. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kuhuzunisha. Mshairi Alexander Pope, aliyekaa Twickenham, jirani tu na Teddington, alimpenda Hales kama rafiki na kumheshimu kama padre, lakini mambo aliyowatenda wanyama yalimchukiza. Hales mwenyewe alikiri kwamba upasuaji ule ulimkirihi, akauacha kwa miaka mingi.

Ndipo likatokea jambo la bahati. Mzabibu wake mmoja wa zamani ulikatwa wakati usiofaa, karibu na majira ya kuchipua, na maji ya mti yakawa yanatoka pale penye jeraha bila kukoma. Hales aliogopa mti usife. Alijaribu njia hii na ile kuuzuia, zote zikashindwa. Mwishowe akafunika jeraha kwa kipande cha kibofu cha mnyama, akakifunga kwa uzi. Baada ya muda aliona kibofu kimevimba kama mpira kwa nguvu ya maji yaliyosukuma kutoka chini. Mtu mwingine angalitafuta uzi mwingine. Yeye aliwaza hivi: kama nilivyopima damu ya farasi kwa mrija, kwa nini nisipime maji ya mzabibu? Akaunganisha mirija ya vioo kwenye kisiki, mmoja juu ya mwingine, akatazama maji yakipanda futi 21 na zaidi. Mirija ilipozidi urefu akatumia zebaki, ambayo ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji. Zebaki ilisukumwa kiasi cha inchi 32 na nusu, ambacho ni sawa na maji kupanda futi 36, yaani mita 11. Kisiki cha mzabibu, kisicho na moyo wala msuli, kilisukuma kwa nguvu zaidi ya mara nne ya damu ya yule farasi.

Lakini majani yalipotoka, mzabibu uliacha kulia. Hapo ndipo Hales alipopata swali lililokuwa kubwa kuliko la kwanza. Maji yalikuwa yakienda wapi?

Alishika imani moja ambayo ilimwongoza katika kazi yake yote: kwamba Muumba aliumba vitu vyote kwa hesabu, kwa uzani na kwa kipimo, na kwamba mwenye kutaka kuifahamu kazi ya Muumba hana budi naye kuhesabu, kupima uzito na kupima urefu. Basi tarehe 3 Julai 1724 alichukua alizeti moja iliyoota katika chungu, kimo chake futi tatu na nusu. Akaufunika mdomo wa chungu kwa bamba jembamba la risasi, akaziba pande zote, ili mvuke wa udongo usipate njia. Akaacha vijia viwili tu, mrija mdogo wa kuingiza hewa na mwingine wa kumwagilia maji, huu wa pili akiuziba kwa kizibo. Kisha akaupima mmea pamoja na chungu chake asubuhi na jioni, kwa siku 15 alizozichagua hadi mwezi wa Agosti.

Siku moja ya jua kali na ukavu, alizeti ile ilipoteza ratili 1 na wakia 14 kwa saa 12 za mchana. Siku za kawaida ilikuwa ratili 1 na wakia 4, yaani zaidi kidogo ya nusu lita ya maji, iliyopanda kutoka udongoni na kutokomea hewani bila mtu kuiona. Usiku mkavu wenye joto ilipoteza wakia 3. Usiku wenye umande kidogo haikupoteza kitu. Na usiku wenye umande mwingi iliongezeka uzito wakia 2 au 3; maji yalirudi.

Twapenda wasomaji watazame uaminifu wa mtu huyu. Alipokwisha kupima aliukata mmea, akaziba kisiki, akaendelea kukipima chungu kitupu. Aliona kwamba udongo wa mfinyanzi wenyewe ulipitisha wakia 2 kwa mchana mmoja, basi akazitoa katika hesabu zake zote, alizeti isije ikasifiwa kwa kazi ya chungu. Baadaye akayachuma majani yote, akayagawa mafungu kwa ukubwa, akatandaza juu yake wavu wa nyuzi wenye vijumba vya robo inchi, akahesabu kijumba kwa kijumba. Jumla ikawa inchi za mraba 5,616, yaani futi za mraba 39, eneo kubwa kuliko kitanda, kutoka kwa mmea ambao mtoto angeweza kuubeba. Akaipima mizizi pia, ikawa haifikii nusu ya eneo la majani. Maana yake maji yaliingia kwenye mizizi kwa mwendo wa kasi kuliko yalivyotoka kwenye majani. Kisha akalinganisha na mtu. Kwa ukubwa ulio sawa wa mwili na muda ulio sawa, alizeti ilitoa jasho mara 17 kuliko mwanadamu.

Alipima pia kabichi, mzabibu, mtofaa na mlimau, akaona kwamba miti isiyopukutisha majani hutoa jasho kidogo kuliko ile inayopukutisha. Alifukua mzizi wa mpeasi ulio hai, akaukata ncha, akautia katika mrija wa maji uliosimama ndani ya zebaki. Kwa dakika 6 mzizi ulifyonza maji hata ukaivuta zebaki inchi 8 juu. Kutokana na hayo akasema kwamba maji ya mti hayazunguki kama damu, kama wengine walivyodhani, bali huenda juu, nayo yanavutwa na majani yanapotoa jasho. Tangu mwaka 1894, Dixon na Joly wa Dublin walipoeleza jinsi maji yanavyoshikana ndani ya mishipa ya mti kama kamba isiyokatika, wataalamu wamelikubali neno hilo la padre kuwa kweli.

Wala hakuusahau udongo. Mwezi Julai huohuo alichimba matofali matatu ya udongo, moja chini ya jingine, kila moja futi moja kwa kila upande, na kila moja lilizidi ratili 100. Akayapima, akayakausha, akayapima tena, ili ajue udongo unaweka maji kiasi gani siku ambazo mvua hainyeshi. Alichomeka vipimajoto kwenda chini hadi futi 2, aone joto la jua linavyoingia na kuinua unyevu. Machoni pake udongo ulikuwa ghala, majani yalikuwa mlango, na jua ndilo lililoufungua. Wakulima wetu hawahitaji kufundishwa hayo. Wanajua kwamba shamba lililofyekwa likaachwa tupu hukauka kwa namna nyingine kabisa kuliko lile lenye kivuli na majani yaliyooza. Lakini kujua kwa mkono ni jambo moja, na kupata hesabu ni jambo jingine, maana hesabu inaweza kupelekwa mbele ya wakubwa. Tutaona mbele kwamba ilipelekwa.

Sasa twaja kwenye hewa, na hapa Hales aliona nusu tu ya mlango. Alichukua vitu vingi, kama vile njegere, makaa ya mawe, magamba ya chaza na kiini cha mwaloni uliokatwa sasa hivi, akavichoma ndani ya mtutu wa bunduki uliopindwa, na moshi wake akaupitisha majini hadi ndani ya chombo kilichofudikizwa, apate kukipima kilichobaki. Kipande cha mwaloni kisichozidi nusu inchi ya ujazo kilitoa hewa zaidi ya mara 200 ya ukubwa wake. Hales alistaajabu. Mti uliosimama imara, unaojengewa meli na mapaa ya makanisa, kumbe sehemu yake kubwa ni hewa iliyofungwa! Imeingiaje?

Akachukua mnanaa, akauweka mizizi yake majini, akaufunika kwa kioo. Hewa ndani ya kioo ilipungua, kidogo kidogo. Mnanaa ulipokufa akaweka mwingine katika hewa ileile iliyokwisha kutumika. Huo ulinyauka upesi. Lakini mwingine uliowekwa katika hewa iliyofungiwa muda uleule pasipo mmea uliishi zaidi. Basi akaandika kwamba yaelekea mimea huvuta sehemu ya chakula chake kutoka hewani kwa njia ya majani, na akauliza kama mwanga wa jua nao hauingii katika majani na kusaidia kazi hiyo. Aliuliza tu, kwa maana hakuwa na kipimo cha kumjibu.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1727. Newton, akiwa rais wa Royal Society, ndiye aliyetia sahihi ya kuruhusu kipigwe chapa, akafariki mwezi wa Machi mwaka huohuo. Mwaka 1735 Buffon alikitafsiri kwa Kifaransa. Waliobaki walikamilisha. Hales alidhani hewa ni kitu kimoja. Alipochoma risasi nyekundu alikusanya oksijeni bila kuitambua, akaiacha iende. Joseph Priestley, naye mhubiri, akitumia chombo cha maji cha namna ya Hales, aliona mwaka 1771 kwamba mnanaa huifanya upya hewa iliyoharibiwa na mshumaa. Ingenhousz alionyesha mwaka 1779 kwamba kazi hiyo hufanyika mbele ya mwanga tu. Na mwaka 1804 de Saussure alipima kwa uangalifu, akaonyesha kwamba mmea hujijenga kwa hewa ukaa pamoja na maji.

Leo twajua kwamba jani lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Jani likivifungua ili lipate hewa ukaa, maji hutoka papo hapo. Likivifunga ili lisikauke, njaa huanza. Kila mti hufanya biashara hiyo mchana kutwa, maji kwa kaboni. Karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni iliyotoka hewani. Majani yakianguka na mizizi ikifa, udongo huipokea, na wadudu na vijidudu wasiohesabika huila na kuipumua tena. Lakini nyingi hubaki, hata udongo wa dunia umehifadhi kaboni zaidi ya ile iliyomo katika mimea yote pamoja na hewa yote. Siku Hales alipoipima alizeti yake, hewa ukaa ilikuwa karibu sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420, kwa kuchomwa makaa ya mawe, mafuta na misitu. Sisi tulio chini ya milima ya Usambara, ambao maji ya mji wa Tanga twayapata katika mto Zigi unaoshuka kutoka misitu ya Amani, hatuna haja ya kwenda mbali kuiona biashara hiyo ikifanyika.

Kazi ya hewa ndiyo iliyomfanya Hales ajulikane na watu wa kawaida. Alijaribu kupumua mwenyewe ndani ya chombo kilichofungwa, akaona jinsi hewa iliyokwisha kupumuliwa isivyofaa tena. Basi akawaza juu ya watu wanaofungiwa pamoja: mabaharia chini ya sitaha, wagonjwa, wafungwa. Mwaka 1743 alitoa kitabu juu ya mashine yake, yaani mifuo mikubwa ya mbao ya kutoa hewa mbaya na kuingiza njema. Iliwekwa melini, hospitalini na magerezani. Katika gereza la Newgate, mwaka 1752, iliendeshwa na tanga la upepo juu ya paa. Yeye na madaktari wa siku zile walidhani homa ya magereza huletwa na hewa chafu. Walikosea, maana tangu mwaka 1909 imejulikana kwamba huletwa na chawa. Hata hivyo, hewa safi na ukavu havikumdhuru mfungwa yeyote.

Lakini liko jambo ambalo hatuwezi kulipita. Mwaka 1751 nahodha Henry Ellis alimwandikia Hales kutoka pwani ya Afrika ya Magharibi, akiisifu mifuo kwa namna ilivyohifadhi afya ya watu melini mwake. Meli hiyo ilikuwa ya watumwa. Hales aliitangaza barua hiyo kama ushahidi wa faida ya chombo chake. Alikuwa mmoja wa wadhamini wa koloni la Georgia katika Marekani, ambalo mwaka 1735 lilipiga marufuku utumwa, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1751. Basi hatuwezi kusema kwamba hakupata kulisikia suala hilo. Aliona watu wanakosa hewa, akawaletea hewa. Swali la nani aliyewafungia humo, na kwa haki gani, hatuoni kwamba alilipima. Sisi ambao Kanisa letu Kuu la Mkunazini, Unguja, limesimama palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, twalisoma jambo hili kwa uchungu, nasi hatuoni vema kulificha ili padre aonekane safi.

Mambo mengine tuyataje kwa ufupi. Mwaka 1734 alitoa kijitabu bila jina lake, akiwaonya watu juu ya pombe kali iliyokuwa ikiwaangamiza maskini wa London. Alikuwa mwanachama wa S.P.C.K., chama kilekile ambacho baadaye kilitupigia chapa vitabu vingi vya Kiswahili. Aliwashauri akina mama wanaooka mkate wa matunda wafudikize kikombe katikati ya chombo, ili maji ya matunda yasifurike jikoni. Mwaka 1739 Royal Society ilimpa medali yake ya Copley. Mamake mfalme wa baadaye, Princess Augusta, alimfanya kasisi wake, naye Hales akamsaidia kwa mashauri juu ya nyumba za mimea katika bustani ya Kew. Walipotaka kumpandisha cheo awe kanoni wa Windsor, alimsihi Princess asikubali, kwa kuwa hakutaka kuondoka Teddington.

Na Teddington palihitaji maji. Mwaka 1754, akiwa mzee wa miaka 76, aliwasaidia watu wa kijiji kuchimba na kuelekeza maji safi yafike kwao. Katika daftari la kanisa, panapoandikwa ubatizo, ndoa na mazishi, aliandika kwa mkono wake kwamba maji hayo yalijaza chombo cha painti nne katika muda ambao timazi yenye urefu wa inchi 39 na sehemu mbili za kumi ilipiga mara tatu, yaani sekunde tatu. Wakati huohuo alijenga upya mnara wa kanisa. Alifariki tarehe 4 Januari 1761, akazikwa chini ya mnara huo. Princess Augusta alimwekea ukumbusho wa marumaru katika Westminster Abbey.

Miaka miwili baada ya kifo chake, kisiwa cha Tobago katika bahari ya Karibi kiliingia mikononi mwa Waingereza, na maofisa wa London wakaanza kugawa ardhi yake kwa mashamba ya miwa. Mmoja wao, Soame Jenyns, ambaye wanahistoria wanasema aliathiriwa na mafundisho ya Hales, alishika neno hili: mti mmoja mdogo ukitoa nusu lita ya maji kwa siku, mlima mzima wenye misitu unatoa kiasi gani, na ukifyekwa, mvua itatoka wapi? Aliwasumbua wenzake kwa miaka mingi. Tarehe 13 Aprili 1776 ilipitishwa sheria ya kuuhifadhi msitu wa mgongo wa kisiwa, kwa sababu ya mvua. Nia haikuwa safi yote, maana mvua ile ilitakiwa kwa miwa, na miwa ililimwa na watumwa kutoka Afrika. Lakini msitu haukukatwa. Ni karibu hekta 4,000, na ni mmojawapo wa misitu ya kwanza duniani kuhifadhiwa kwa sheria kwa ajili ya maji. Mwaka 1963 kimbunga kilichoitwa Flora kiliangusha sehemu kubwa ya miti yake. Umeota tena, na wazao wa wale watumwa bado wanakunywa maji ya vijito vinavyoshuka kutoka humo.